Moyo Hukomaa Kwanza, Mifupa Mwisho: Namna ya Kupima Utayari wa Farasi kwa Mbio za Masafa Marefu

Farasi wa miaka sita aliyefanyishwa mazoezi kwa miezi mitatu anaweza kukimbia kilomita 30 alfajiri, akarudi bandani masikio wima, na kufikia alasiri akawa anarukaruka uani. Mwenye farasi akiona hivyo huamini kazi imekwisha, akamwandikisha kilomita 120. Makosa mengi ya mchezo huu huanzia hapo. Alichokiona ni moyo na mapafu, ambavyo hupata nguvu upesi kuliko sehemu nyingine zote za mwili. Kano, kwato na mifupa viko nyuma sana, navyo havitoi dalili inayoonekana kwa mbali mpaka siku vinaposhindwa.

Kwa hiyo kupima utayari ni kuitafuta sehemu iliyochelewa kuliko zote, kisha kumpa farasi safari inayolingana nayo. Vifaa ni vichache: stetoskopu, kipimajoto, saa ya kuhesabu sekunde, na daftari. Kinachohitajika zaidi ni subira ya kuandika kila wiki, hata wiki ambazo hakuna jambo.

Mbio zenyewe hudai nini

Mbio za kilomita 160 hazikimbiwi kwa mkupuo mmoja. Hugawanywa katika mizunguko, kila mmoja ukiishia kwenye kituo cha ukaguzi chenye madaktari wa mifugo. Chini ya kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi (FEI), kiwango cha kawaida ni kwamba mapigo ya moyo yashuke hadi 64 kwa dakika au chini yake ndani ya dakika 15 tangu farasi afike. Daktari hutazama fizi, ngozi, sauti za matumbo, mgongo na miguu, kisha farasi huongozwa kwa kamba akikimbia kwa troti (mwendo wa kati, baina ya kutembea na kukimbia mbio) ili ionekane kama anachechemea. Akipita, hupumzika kwa lazima kabla ya mzunguko unaofuata. Asipopita, safari yake imeishia hapo. Hata aliyekuwa wa kwanza kuvuka mstari wa mwisho hukaguliwa, na akikutwa anachechemea ushindi haupo.

Mbio za Tevis Cup za California huonyesha ugumu huo vizuri. Tangu Wendell Robie na wenzake walipoipita njia hiyo ya milimani mwaka 1955, kutoka eneo la Ziwa Tahoe hadi mji wa Auburn, washiriki hupewa saa 24 kumaliza maili 100, na kwa kawaida karibu nusu ya farasi wanaoanza hawafiki mwisho. Pembeni ya kikombe cha mshindi ipo Haggin Cup, ambayo hupewa farasi aliyeonekana kuwa na hali bora kuliko wenzake kati ya kumi waliotangulia kufika. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo tuzo inayosema ukweli wote kuhusu matayarisho.

Upande wa Ghuba, Oman na Falme za Kiarabu, mbio hizi hufanyika majira ya baridi kwenye ardhi tambarare ya mchanga, na mwendo huwa mkali zaidi kuliko wa milimani. Mwendo mkali huficha matayarisho mabaya kwa muda tu. Mwaka 2015 FEI ililisimamisha shirikisho la Falme za Kiarabu kwa sababu ya ustawi wa farasi katika mbio hizi. Baadaye, katika kijiji cha mbio cha Boudheib, Abu Dhabi, kanuni za kuwalinda farasi ziliteremsha mapigo yanayotakiwa kituoni hadi 56 na kuweka ukomo wa mwendo wa kilomita 20 kwa saa. Farasi anayeweza kupita kwa 56 ana akiba. Anayepita kwa 64 kwa taabu, sekunde za mwisho, hana.

Kila tishu na muda wake

Moyo, mapafu na damu huitikia mazoezi kwa wiki 8 hadi 12. Misuli huchukua miezi 3 hadi 6. Kano na ligamenti, ambazo hazipati damu nyingi, huhitaji miezi 6 hadi 12. Kwato hukua takriban milimita 8 hadi 10 kwa mwezi, kwa hiyo ukuta wa mbele wa kwato ulioota chini ya malisho na matunzo mapya haujafika ardhini mpaka karibu mwaka upite. Mifupa ndiyo ya mwisho: mwaka mmoja na nusu hadi miaka mitatu.

Mifupa ina hila yake. Mazoezi yakianza, mwili hubomoa kwanza sehemu ya mfupa wa zamani ndipo ujenge mpya unaofaa mzigo mpya. Baina ya kubomoa na kujenga kuna kipindi, hasa mwezi wa pili hadi wa nne, ambapo farasi ana pumzi mpya juu ya mfupa uliopungua nguvu. Ni wakati uleule mpanda farasi anapofurahia maendeleo na kuongeza kasi. Nyufa ndogo za mifupa ya mguu wa chini hupatikana sana hapo.

Umri nao una uzito kwa sababu hiyohiyo. Sehemu za ukuaji kwenye pingili za uti wa mgongo hufunga farasi akiwa na miaka 5 hadi 6 hivi. Chama cha mbio hizi cha Marekani hakimruhusu farasi aliye chini ya miaka 5 kukimbia maili 50, na FEI hutaka miaka 8 kwa kilomita 160. Hizo ni ngazi za chini kabisa. Ratiba ninayoiamini ni hii: mwaka wa kwanza safari za kilomita 40 kwa mwendo wa polepole, zikiishia na 80 moja kama kila kitu kimekwenda sawa. Mwaka wa pili 80 na 100. Mwaka wa tatu ndipo 120 na, kwa wachache, 160. Na katika ratiba yoyote, wiki inapoongezwa umbali kasi isiguswe, na wiki inapoongezwa kasi umbali ubaki ulivyo. Ongezeko la sehemu moja ya kumi kwa wiki linatosha. Siku ya safari ndefu ifuatwe na siku mbili au tatu za kazi nyepesi au za kuachiwa malishoni, kwa kuwa mwili hujijenga wakati wa kupumzika.

Mapigo ya moyo: kipimo kinachotumika vibaya kuliko vyote

Anza na mapigo ya kupumzika. Yachukue asubuhi kabla ya kulisha, farasi akiwa ametulia bandani, angalau siku tano mfululizo, upate wastani wake mwenyewe. Weka stetoskopu upande wa kushoto, nyuma kidogo ya kiwiko cha mguu wa mbele, mahali mkanda wa tandiko unapopita. Huna stetoskopu? Tafuta kwa ncha za vidole, bila kutumia kidole gumba, mshipa unaopita chini ya mfupa wa taya. Hesabu sekunde 15 uzidishe kwa 4. Farasi mzima huwa kati ya 28 na 44, na wengi walioandaliwa vizuri wako kwenye thelathini na kitu.

Wanaoanza hukosea kwa njia mbili. Kila pigo la moyo lina sauti mbili zinazofuatana, na asiyezoea huzihesabu kama mapigo mawili, akapata 72 kwa farasi mwenye 36. Kosa la pili ni kushtuka moyo unaporuka pigo moja. Farasi wengi wenye mioyo mizuri huruka pigo mara moja moja wakiwa wamepumzika, na jambo hilo hutoweka wakianza kutembea. Ikiwa halitoweki baada ya mazoezi, daktari amsikilize kabla ya safari nyingine yoyote.

Ukishaujua wastani, namba ya asubuhi inakuwa mlinzi wako. Mapigo yakiwa juu ya kawaida yake kwa 6 au 8 asubuhi mbili mfululizo, farasi hajapona kazi ya juzi, ana maumivu, au ugonjwa unakuja. Siku hiyo haendi popote.

Wakati wa mazoezi, troti tulivu kwenye ardhi tambarare huweka moyo kati ya 110 na 140 hivi. Akikaa juu ya 160 kwa muda mrefu, misuli huanza kuchoma sukari bila hewa ya kutosha na uchovu hujilimbikiza. Mazoezi ya msingi ya masafa marefu yafanyike chini ya hapo, saa nyingi, mwendo wa kilomita 8 hadi 12 kwa saa.

Lakini kinachotoa hukumu ni jinsi moyo unavyoshuka. Ukifika mwisho wa mazoezi andika mapigo papo hapo, kisha dakika ya 5, ya 10 na ya 15, farasi akiwa kivulini na tandiko limelegezwa. Farasi aliye tayari kwa kilomita 80 hufika 64 ndani ya dakika 5 hivi baada ya mzunguko wa mazoezi wa kawaida, na hana haja ya kusubiriwa. Akiwa bado juu ya 72 dakika ya 10, kazi ya siku hiyo ilimzidi, hata kama yeye mwenyewe anaonekana mchangamfu. Punguza kasi kwa wiki mbili ndipo upime tena.

Kuna jaribio moja lililoenezwa na daktari wa mifugo wa Marekani, Kerry Ridgway, ambalo kila mwenye farasi anaweza kulifanya uani, na vituo vingi vya ukaguzi hulitumia. Mapigo yakishafika 64 au chini, yahesabu na uyaandike. Washa saa papo hapo farasi anapoanza kukimbizwa kwa troti, mita 38 kwenda na mita 38 kurudi. Safari hiyo huchukua takriban nusu dakika. Msimamishe, na dakika moja kamili ikitimia tangu alipoanza, hesabu tena. Namba ya pili ikiwa sawa na ya kwanza, chini yake, au juu kwa mapigo yasiyozidi 4, vizuri. Ikipanda kwa 8 au zaidi, mathalani kutoka 60 hadi 68 au 72, kuna kitu kinachoulemea mwili: uchovu, joto, upungufu wa maji, au maumivu ambayo bado hayajawa kuchechemea. Ndiyo maana jaribio hili lina thamani. Farasi mwenye mguu unaoanza kuuma anaweza kukimbia wima mbele ya jicho lako, lakini moyo wake hauwezi kuficha.

Angalia jaribio lisiharibiwe na mambo madogo. Farasi akiitwa na mwenzake upande wa pili wa ua, mapigo hupanda kwa wasiwasi. Mpimaji akichelewa sekunde 15, matokeo huwa mazuri kuliko ukweli. Fanya mahali pamoja, mkimbizaji yuleyule, kila baada ya wiki mbili, na uweke namba zote kwenye ukurasa mmoja ili uone mwelekeo.

Maji, chumvi na tumbo

Katika joto farasi anaweza kutoa jasho la lita 10 hadi 15 kwa saa. Jasho lake lina chumvi nyingi karibu sawa na damu yenyewe au kuizidi, tofauti na jasho la binadamu. Mtu akitoka jasho, damu yake hubaki na chumvi nyingi kuliko maji, na ubongo humwambia ana kiu. Farasi hupoteza vyote viwili kwa pamoja, damu haibadiliki ladha, na kiu haiji. Kwa hiyo farasi aliyepungukiwa maji kwa lita 20 anaweza kupita mbele ya ndoo bila kuinama. Unywaji ni ustadi unaofundishwa. Kila mazoezi yapite penye maji, usimharakishe, wala usimvute kichwa anaponyanyua mdomo mara ya kwanza, kwani wengi hutulia kidogo kisha hurudi kunywa zaidi. Farasi ambaye hajawahi kunywa njiani kabla ya kilomita ya 30 hayuko tayari kwa 80, hata mapigo yake yawe mazuri namna gani.

Chumvi ya kawaida, gramu 25 hadi 30 kwa siku, hutosha kumtunza farasi wa kilo 450 hadi 500 asiyetoka jasho jingi. Siku za kazi hitaji hupanda. Dawa za chumvi za kupaka mdomoni zina faida kwa farasi anayekunywa. Kwa asiyekunywa zina madhara, kwa sababu chumvi ikifika tumboni huvuta maji kutoka kwenye damu iliyokwisha kupungukiwa. Jaribu dawa hiyo nyumbani mwezi mmoja kabla, usiianzishe siku ya mbio.

Dalili za maji zipime zote pamoja. Bonyeza ufizi juu ya meno kwa kidole hadi uwe mweupe, uachie: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Fizi ziwe na unyevu na rangi ya waridi. Vuta mkunjo wa ngozi kwenye bega, ulale ndani ya sekunde moja au mbili. Mkunjo wa shingoni hudanganya kwa farasi wazee na wembamba, kwa hiyo linganisha na kawaida yake mwenyewe. Sikiliza tumbo pande zote mbili, juu na chini ya ubavu. Sauti za kunguruma zisikike kila baada ya sekunde chache, na ukikaa dakika nzima bila kusikia kitu, damu imeyahama matumbo kwenda kwenye misuli na hatari ya msokoto wa tumbo iko karibu.

Tumbo lenyewe ni ghala la maji na chumvi, lakini ghala hilo hujazwa na nyasi. Farasi wa kilo 450 ale kilo 7 hadi 9 za nyasi kavu kwa siku. Nafaka nyingi karibu na safari hupandisha insulini na kuuzuia mwili kuchoma mafuta yake, kwa hiyo ziishe muda wa saa nne kabla ya kuondoka. Lusini (majani ya malisho ya jamii ya kunde) nzuri kwa kiasi hufaa, ila farasi anayelishwa lusini tupu kila siku mwili wake huzoea kalsiamu nyingi kutoka tumboni na kuwa mzito kuitoa mifupani. Kalsiamu na chumvi nyingine zikishuka njiani, kiwambo cha kifua huanza kuruka pamoja na kila pigo la moyo, na ubavu huonekana ukidunda kwa mwendo wa saa. Ukiliona hilo, safari imekwisha na daktari aitwe.

Miguu husemea asubuhi ya pili

Ukaguzi wa miguu unaofanywa mara tu baada ya mazoezi hauna maana kubwa, kwa kuwa misuli ina joto na maumivu yamelala. Fanya kesho yake asubuhi, farasi akitolewa bandani, kabla hajatembea. Mahali pawe pagumu na sawa, kama mita 40, kamba ya kuongozea ilegezwe ili kichwa kiwe huru. Mguu wa mbele ukiuma, kichwa huinuka ule mguu unapogusa ardhi na kuinama ule mzima unapogusa. Mguu wa nyuma huonekana kwenye nyonga: upande unaouma hupanda na kushuka zaidi kuliko mwenzake. Kisha mzungushe kwa troti kwenye duara la mita 10 hadi 15, kulia na kushoto. Farasi wengi wanaotembea sawa kwenye mstari huonyesha tatizo kwenye duara.

Baada ya macho, mikono. Inua mguu wa mbele, upitishe kidole gumba na cha shahada juu ya kano za nyuma, kuanzia chini ya goti hadi kwenye kifundo, polepole kiasi cha kuhisi kila sentimita. Unatafuta uvimbe mdogo, mahali panapomfanya avute mguu, au joto. Joto litafutwe kwa mgongo wa mkono, na kila mara ulinganishe mguu na mwenzake. Mwisho weka vidole pande zote mbili nyuma ya kifundo, uhisi mshipa unaoshuka kwenye kwato. Kwa kawaida ni vigumu kuupata. Ukidunda kwa nguvu kwenye mguu mmoja, kuna jeraha au msumari uliokaa vibaya. Ukidunda kwenye miguu yote miwili ya mbele, fikiria uvimbe wa ndani wa kwato, umpigie daktari siku hiyohiyo.

Viatu virekebishwe kila wiki 5 hadi 7. Kwa ajili ya mbio vifungwe siku 7 hadi 10 kabla. Vikifungwa siku ya kuamkia mbio, msumari uliogusa sehemu hai utajulikana kilomita ya 25.

Mgongo uhesabiwe kama mguu wa tano. Bonyeza kwa vidole, kwa nguvu ya wastani, sambamba na uti pande zote mbili, kutoka nyuma ya mabega hadi kiunoni. Farasi akididimiza mgongo au kukaza misuli mahali palepale mara tatu, tandiko linamuumiza. Ukivua tandiko baada ya kazi, jasho liwe limeenea sawasawa. Alama kavu yenye ukubwa wa kiganja katikati ya jasho ni mahali palipobanwa mno, na baada ya miezi nywele nyeupe huota hapo. Farasi akinenepa au kukonda kwa mazoezi, tandiko lililomfaa miezi sita iliyopita laweza lisimfae tena.

Nyama na damu

Kipimo cha Henneke, kilichotolewa na Chuo Kikuu cha Texas A&M mwaka 1983, hupanga hali ya mwili kutoka 1 hadi 9. Kwa mbio hizi 4 hadi 5.5 ndipo panapofaa: mbavu hupatikana mara moja kwa mkono, na zikionekana ni kwa uhafifu. Chini ya hapo hana akiba ya mafuta ya kumfikisha, na juu ya hapo mafuta huzuia joto kutoka.

Afrika Mashariki na Bara Arabu kote, kupe hueneza babesia na theileria, na farasi aliyewahi kuambukizwa anaweza kubeba vimelea kwa miaka bila dalili ila uvivu usioelezeka na mapigo yasiyoshuka. Farasi wa namna hiyo hugunduliwa zaidi kwa kipimo cha kingamwili cha damu kuliko kwa darubini. Damu ya kuhesabu seli itolewe akiwa ametulia kabisa, kwa sababu farasi akisisimka bandama hukamua seli nyekundu kwenye mzunguko na kufanya damu hafifu ionekane nzuri. Na aliyetoka kuugua homa ya kifua apewe wiki moja ya mapumziko kwa kila siku moja aliyokuwa na homa.

Joto na unyevu

Farasi aliyeandaliwa mahali pakavu hahamishiwi tu mahali pa unyevu. Mwili huhitaji wiki 2 hadi 3 kuzoea. Mwaka 2018 huko Tryon, Marekani, mashindano ya dunia ya mbio hizi yalisitishwa katikati kwa sababu ya joto na unyevu, ingawa farasi waliokuwepo walichaguliwa na mataifa yao.

Hesabu ya haraka ni kujumlisha joto kwa nyuzi za Farenhaiti na asilimia ya unyevu. Jumla ikiwa chini ya 130, mwili hujipoza wenyewe. Ikizidi 150, jasho halikauki ipasavyo na lazima upunguze mwendo na kumwagia maji. Ikikaribia 180, usiende. Siku ya pwani ya Afrika Mashariki wakati wa kaskazi, nyuzi 30 za Selsiasi (ambazo ni 86 za Farenhaiti) na unyevu wa asilimia 80, jumla ni 166. Farasi aliyetayarishwa Nairobi atakutana na hali asiyoijua.

Joto la mwili wakati wa kazi hufika 39.5 bila hatari. Likifika 40 simama umpoze, na kama haliteremki ndani ya dakika 10 hadi 15, mazoezi hayo yamekwisha. Mmwagie maji baridi mwili mzima mfululizo, hata kwenye misuli mikubwa ya nyuma. Ile hofu ya zamani kwamba maji baridi huikaza misuli iliondolewa na utafiti uliofanywa kabla ya Olimpiki ya Atlanta ya 1996.

Safari ya majaribio

Wiki 3 hadi 4 kabla ya kilomita 80 za kwanza, mpe farasi kilomita 40 hadi 50 kwa mwendo uleule utakaotumia, mizunguko miwili ya kilomita 20 hadi 25, na mapumziko ya dakika 40 katikati. Msafirishe kwa gari hadi mahali asipopajua, mtu asiyemjua ampime kwa stetoskopu na kumkimbiza. Farasi asiyekula ugenini au asiyevumilia kuguswa na mgeni hupoteza dakika na akiba ambazo hakuna mazoezi yanayoweza kuzirudisha.

Utakachotaka kukiona: mapigo yafike 64 ndani ya dakika 8 mizunguko yote miwili, na mzunguko wa pili usizidi wa kwanza kwa zaidi ya dakika 2 au 3. Jaribio la Ridgway lisipande zaidi ya 4. Awe amekunywa, amekula wakati wa mapumziko, amepata choo na kukojoa. Mkojo wa rangi ya kahawa ni dalili ya misuli iliyovunjika, na hapo farasi asitembezwe hata hatua, aachwe alipo mpaka daktari afike. Asubuhi ya pili miguu iwe ya baridi, na asubuhi ya tatu mapigo ya kupumzika yawe yamerudi kwenye wastani wake.

Akishindwa, aina ya kushindwa ndiyo inayoamua muda wa kungoja. Mapigo yaliyochelewa tu, bila kingine, yanahitaji wiki 4 hadi 6 za kazi ya polepole. Kutokunywa kunahitaji safari fupi nyingi zenye vituo vya maji, mwezi mmoja au miwili. Mgongo uliouma unahitaji fundi wa tandiko kabla ya mazoezi yoyote. Kano iliyopata joto inahitaji kupigwa picha ya mawimbi ya sauti, na ikionekana imejeruhiwa, msimu huo umekwisha. Hapo watu wengi hujipunja, wakampaka dawa ya baridi, wakampa siku tano, wakamrudisha.

Akifaulu, kazi ngumu ya mwisho iwe siku 10 hadi 14 kabla ya mbio. Baada ya hapo mwendo mwepesi tu, kwa sababu hakuna nguvu mpya inayoweza kuongezwa kwa wiki mbili, ila majeraha. Jioni ya kuamkia mbio, baada ya safari ya gari, pima tena: mapigo, joto, fizi, tumbo, troti ya mita 40. Kama amefika na hajagusa nyasi kwa saa tatu, au mapigo yamekaa kwenye hamsini bila sababu, nenda kwa waandaaji usiku huohuo uombe kuhamishiwa mbio za kilomita 40, au umrudishe nyumbani.